Tujitolee kwenye mradi gani wa Debian?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Tuko vijana wanane hapa Sinza, sote tunatumia Debian, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux. Python na Git tunavijua, na wawili kati yetu wanaandika C kidogo. Tumechoka kuwa watumiaji tu, tunataka tujitolee kuuboresha mfumo wenyewe. Mmoja anasisitiza tutengeneze mfumo endeshi wa Kitanzania, mwingine anataka tuingie kwenye kerneli (kiini cha mfumo), mwingine anasema tutafsiri. Muda tulionao ni Jumamosi mchana, na bando letu ni la kuungaunga. Tuanzie wapi? – Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo wa mfumo wa Kitanzania, maana wazo lake ndilo litakalowamaliza. Kuichukua Debian, kuibadilisha nembo na picha ya nyuma na kuipa jina jipya ni kazi ya siku chache. Shughuli huja siku linapotangazwa tundu la usalama kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, watu waliosakinisha mfumo wenu wanasubiri sasisho, nanyi mko kwenye mitihani. Debian ipo tangu 1993, ina wasanidi karibu elfu moja, na bado ina pakeji (vifurushi vya programu) yatima zisizo na mlezi. Nguvu zenu zipelekeni huko. Sakinisheni programu iitwayo 'how-can-i-help': kila mnapotumia apt, amri ya kusakinisha na kusasisha programu, itawatajia pakeji zilizomo kwenye kompyuta zenu ambazo zinahitaji mkono.

Kerneli iacheni kwanza. Si kwamba hamuiwezi, ila kwa saa chache za Jumamosi mtatumia mwaka mzima kusoma tu. Mimi ningetafuta kazi ambayo mtu wa Berlin au Toronto hawezi kuifanya hata akiwa bingwa kuliko ninyi, kwa sababu hana laini zetu za simu, hana umeme wetu, wala hajawahi kununua laptopu ya mtumba Kariakoo.

Laini za simu ndizo ningeanza nazo. Ukichomeka modemu ya USB kwenye Linux, orodha ya mitandao na mipangilio yake ya APN (jina la lango ambalo laini hupitia kuingia intaneti) hutoka kwenye pakeji ya mobile-broadband-provider-info. Ndani yake mna faili moja kubwa la XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu), serviceproviders.xml, linalobeba kampuni za simu za dunia nzima, na hutegemea watu wa kila nchi kulitunza. Fungueni sehemu ya Tanzania muisome mstari kwa mstari. Je, Halotel imo? Tigo imeandikwaje, wakati tangu Novemba 2024 inaitwa Yas? Kila kampuni hutambuliwa kwa namba: 640 ni ya Tanzania, kisha inafuata ya mtandao wenyewe, mfano 04 kwa Vodacom na 05 kwa Airtel. Chomekeni laini, andikeni 'mmcli -m 0' kwenye terminali, na kwenye mstari wa 'operator id' mtaona 64004 au 64005. Linganisheni na faili, jaribuni APN iliyoandikwa, na kama haifanyi kazi chukueni iliyo kwenye simu inayopata mtandao kwa laini hiyohiyo. Mkishahariri, pitisheni faili kwenye 'xmllint --noout --valid' ili msipeleke XML iliyovunjika. Marekebisho hupelekwa GitLab ya GNOME, tovuti ambako mradi huo hutunza msimbo wake, na kila kampuni iwe na badiliko lake peke yake, ili moja likikataliwa mengine yasikwame. Angalizo: matokeo ya mmcli yana IMEI (namba ya utambulisho) ya modemu na mara nyingine namba yenu ya simu. Futeni kabla ya kumtumia mtu yeyote.

La pili ni umeme. Kila fundi wa Dar ameshaletewa kompyuta iliyozimika katikati ya sasisho, ikiwaka apt inagoma na kumtaka mtu aandike 'dpkg --configure -a'. Mwenye duka la stationari pale mtaani kwenu hataiandika hiyo, atabeba mashine hadi kwa fundi. Ninyi mna Python, basi andikeni programu inayowasha mashine pepe ya QEMU (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yenu), inaanzisha sasisho, inaiua ghafla kwa 'kill -9' katika sekunde yoyote ile, kisha inaiwasha tena na kuandika kilichotokea: imewaka, haikuwaka, pakeji gani imebaki nusu. Iacheni ijirudie usiku kucha. Pakeji ikivunjika kwa namna ileile tena na tena, hapo mna ripoti ya hitilafu yenye ushahidi, na 'reportbug' itawasaidia kuituma.

Ila kuua mashine pepe si sawa na umeme kukatika. Data ambayo mashine pepe imeshaiandika huwa tayari imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta inayoibeba, kwa hiyo huokoka. Umeme halisi hauna huruma hiyo. Kwa hiyo tafuteni na laptopu moja kuukuu yenye betri iliyokufa, anzisheni sasisho, mchomoe chaja. Hapo mtaona mambo ambayo QEMU haikuwaonyesha.

Kuhusu laptopu za mtumba: tangu Debian 12, ya Juni 2023, diski rasmi ya kusakinishia inakuja na famwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) zisizo huria, baada ya wasanidi kupiga kura mwaka 2022. Wi-Fi nyingi zilizokuwa hazishiki sasa zinashika. Zimebaki kadi kadhaa za zamani za Broadcom ambazo famwea yake Debian hairuhusiwi kuisambaza, kwa hiyo lazima uipakue, yaani utafute intaneti ili upate intaneti. Kila mashine inayopita mikononi mwenu ipimeni kwa 'hw-probe', programu inayokusanya taarifa za vifaa vya kompyuta, na mtume taarifa yake. Ni kazi ya dakika chache, fanyeni huku mnapiga soga.

Tafsiri ni kazi nzuri, lakini huzeeka kila toleo jipya likitoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, ikapokelewa vizuri, lakini kazi ya namna hiyo hudai watu wale wale warudi kila mwaka. Kama hamna mmoja aliye tayari kurudi, msianze.

Bando: sakinisheni apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, nyingine saba mzielekeze kwake kwenye mlango (port) 3142. Pakeji itapakuliwa mara moja tu kwa wote wanane.

Na mkituma badiliko lenu la kwanza mkakaa wiki mbili kimya, msidhani mmedharauliwa. Anayepokea naye anajitolea jioni baada ya kazi. Kumbusheni kwa adabu, mistari miwili inatosha, huku mkiendelea na kampuni ya simu inayofuata.