Mto wa viputo: unachosamehe na usichosamehe

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu mtambo unaopuliza hewa kutoka sakafuni mwa bwawa ili anayejifunza kupiga mbizi, yaani kujirusha majini kutoka kwenye ubao au jukwaa, asiumie akianguka vibaya. Aya moja, maswali kapu zima. Haya hapa machache.

Nimeona video ya mazoezi, maji chini ya ubao yanachemka kama ya ugali. Wameyapasha moto? (Msomaji, Tanga)

Hakuna moto, ni hewa tu. Kwenye chumba cha mitambo kuna kompresa inayojaza tangi kubwa. Kutoka kwenye tangi, bomba linakwenda hadi sakafuni mwa bwawa, pale pale anapotua mpiga mbizi, na mwisho wake una matundu mengi. Kocha amesimama ukingoni na kitufe mkononi. Mwanafunzi juu anaitikia kwa kichwa, kocha anabonyeza, vali inafunguka. Hewa inahitaji muda kupanda kutoka chini, kwa hiyo kwanza unasikia mngurumo, halafu maji yanavimba na kuwa kichuguu cheupe. Hapo ndipo mtoto anajirusha. Akishaingia tu, kocha anafunga. Mimi nauita mto: wa kulalia, si wa Rufiji.

Kwani maji yanaumiza? Si maji tu? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, wewe hujawahi kuangukia tumbo. Mimi niliangukia tumbo nikiwa na miaka 12, kutoka kwenye gati ambayo haikufika hata mita 3 juu ya maji, na nilitoka mwekundu kama pweza wa kuchemsha. Pumzi ilinirudi nikiwa tayari nimeshikiliwa ngazini.

Sasa piga hesabu ya jukwaa la mita 10. Kutoka kule juu mtu anaanguka kwa sekunde 1.4 hivi na kugusa maji akiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa bodaboda kwenye lami. Kutoka mita 3 ni karibu kilomita 28, na hapo sijahesabu jinsi ubao unavyonesa na kumrusha juu zaidi kabla hajaanza kushuka. Akitangulia kwa mikono, mwili ukiwa umenyooka, maji yanampokea kidogo kidogo na kasi inaisha ndani ya mita kadhaa. Akitua bapa, tumbo, kifua na mapaja vinapokea yote kwa mpigo mmoja. Matokeo yake ni michubuko, ngoma ya sikio kupasuka, na kutoka juu sana hata mapafu huvilia damu. Wale wanaosema maji ya mita 10 ni sawa na saruji wanatia chumvi, maana saruji haikupishi kabisa. Maji yanapisha, ila hayapendi kuharakishwa.

Rafiki yangu anasema viputo vinasaidia kwa sababu vinatoboa "ngozi" ya maji. Ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma)

Rafiki yako amesikia jambo linalosemwa sana, lakini si kweli. Hiyo ngozi, yaani mvutano wa uso wa maji, inambeba mbu. Kwa mtu wa kilo 50 anayekuja kwa kasi ya bodaboda ni kama utando wa buibui mlangoni.

Kinachoumiza ni uzito wa maji yanayolazimika kusogea ghafla. Hewa ni nyepesi kuliko maji mara 800 hivi. Ukichanganya hewa na maji, kila lita anayoisukuma mpiga mbizi inakuwa nyepesi. Jambo la pili ndilo tamu zaidi: maji matupu hayabonyei, lakini maji yenye viputo hubonyea kama godoro. Ushahidi wake uko kwenye sauti. Katika maji ya kawaida sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Tia hewa hata asilimia chache tu, inashuka chini ya mita 100. Ule mpigo wa kwanza kabisa, unaotoa mlio wa kofi mtu anapotua bapa, unategemea jinsi maji yanavyokataa kubonyea. Kwa hiyo mto wa viputo unasaidia zaidi pale pale palipo na kofi. Aliyeingia sawasawa kwa mikono haoni tofauti kubwa hivyo.

Kama maji yamekuwa mepesi, si mtu atazama zaidi? (Msomaji, Nairobi)

Umeuliza swali ambalo wauzaji wa mitambo hawaanzi nalo. Ndiyo. Mwili wa binadamu unaelea kwa tofauti ndogo sana, mapafu yakiwa yamejaa. Maji yakiwa na hewa sehemu moja kwa kumi, tofauti hiyo imekwisha na mtu anazama. Pia anakwenda chini zaidi kabla ya kusimama, kwa kuwa breki imelegezwa. Mkondo unaopanda humsukuma juu kiasi, lakini usiutegemee huo. Ndiyo maana kocha hufunga vali mara moja, na ndiyo maana mtoto asiyejua kuogelea vizuri hana kazi hapo, mto uwepo usiwepo.

Klabu yetu inatumia bwawa la hoteli, kina mita 2. Fundi matairi wa jirani yuko tayari kutuazima kompresa. Tukitoboa bomba la plastiki na kulilaza chini, itafaa? (Kocha, Arusha)

Mwalimu, naheshimu ubunifu wako, lakini jibu ni hapana, na lina sababu tatu.

Ya kwanza ni wingi wa hewa. Kompresa ya matairi ina presha kubwa na hewa kidogo, na hapa tunataka kinyume chake. Chukua eneo la mita 3 kwa 3 lenye kina cha mita 4: hizo ni lita 36,000 za maji. Ukitaka hewa iwe sehemu moja kwa kumi, unahitaji zaidi ya lita 3,600 ziwe ndani ya maji kwa wakati mmoja, na viputo vinatoka juu kila sekunde, kwa hiyo lazima ujaze tena na tena. Tangi la lita 100 la fundi, likiwa limeshindiliwa mara nane, linakupa kama lita 800. Utapata povu la sabuni. Ndiyo sababu mitambo ya kweli ina matangi makubwa yanayojazwa taratibu na kumwagwa kwa sekunde chache.

Ya pili ni mafuta. Kompresa nyingi za gereji hutema chembechembe za mafuta. Tairi halijali, lakini mtoto anaibuka na kuvuta pumzi yake ya kwanza juu ya hewa hiyo hiyo. Mtambo wa bwawa hutumia hewa iliyochujwa au kompresa isiyotumia mafuta.

Ya tatu ingetosha peke yake: mita 2. Kanuni za World Aquatics, lile shirikisho lililoitwa FINA zamani, zinataka kina kisichopungua mita 3.4 chini ya ubao wa mita 1, mita 3.7 chini ya ubao wa mita 3, na mita 4.5 chini ya jukwaa la mita 10. Kwenye mita 2 huna pa kuweka mto, na kama nilivyomjibu msomaji wa Nairobi, povu lingempeleka mtoto chini zaidi, kichwa kikitangulia, kwenye vigae. Hapo hotelini fundisheni kujipanga mwili ukingoni na kuogelea. Vichwangomba vifanyieni nchi kavu, kwenye trampolini, mtoto akiwa na mkanda wa kamba unaoshikwa na kocha.

Mbona kwenye Olimpiki siuoni mto huo? Naona vijimaji vinarushwa tu. (Msomaji, Muscat)

Hivyo vijimaji havilainishi chochote. Maji yaliyotulia ni kioo, na anayezunguka hewani hawezi kujua uso uko wapi, kwa hiyo kanuni zinataka uso utikiswe ili auone. Mtambo wa viputo unaruhusiwa kwa kazi hiyo kwa presha ndogo sana tu. Ukiufungua wote, majaji watahukumu vipi jinsi mtu alivyoingia bila kurusha maji?

Kocha ameniambia kwa sababu wana mtambo huo, binti yangu hawezi kuumia. Nimwamini? (Mzazi, Dar es Salaam)

Mama, mwulize kocha huyo: mtambo unapuliza hewa juu ya ubao pia? Mwaka 1988 kule Seoul, Greg Louganis wa Marekani, bingwa wa mabingwa, aligonga kichwa kwenye ubao wa mita 3. Alishonwa, akarudi, akachukua dhahabu. Sergei Chalibashvili wa Umoja wa Kisovieti hakupata bahati hiyo. Mwaka 1983 huko Edmonton aligonga kichwa kwenye jukwaa la mita 10 akijaribu vichwangomba vitatu na nusu vya kurudi nyuma, na wiki moja baadaye alifariki. Ajali zote mbili zilitokea kabla ya kugusa maji.

Mto una mahali pake: siku ya kwanza ya mrusho mpya, au siku ya kupanda urefu mpya, kisha unazimwa. Anayeutumia kila siku viganja na mabega yake hayazoei maji yenyewe, na kosa dogo la kuingia halimfundishi kitu. Mwulize kocha huwa anauzima lini. Akikosa jibu, mrudishe binti nyumbani.

Na sisi vijana wa makachu, tunaojirusha baharini kutoka ukutani pale Forodhani, tutaletewa lini? (Kijana, Unguja)

Baharini hewa itachukuliwa na mkondo kabla haijafika juu, hata ukiwa na kompresa ya meli. Mto wenu ninyi ni maji kujaa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hushuka zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na ukuta ni ule ule. Aliyeruka salama asubuhi asirudie jioni bila kuchungulia.