Waite Waje Wanywe Chai

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza kama inafaa kukaribisha watu kwako kunywa chai kipindi hiki, wakati rafiki zako wawili wamepunguzwa kazini, mmoja amefiwa, na wewe mwenyewe unabana matumizi. Unaogopa wataona unafanya anasa watu wakiwa taabani, au watakaa kimya wote mpaka ujute kuwaita. Jibu langu ni waite. Wala usingoje hali itengemae kwanza. Hali ikitengemaa kila mtu atakuwa na shughuli zake. Wanakuhitaji sasa.

Najua kinachokusumbua zaidi ni kuonekana unafurahi mbele ya mwenye majonzi. Lakini sikwambii mjifanye hakuna kilichotokea. Mfiwa anachoshwa na msiba, na anachoshwa vilevile na kutazamwa kwa jicho la huruma kila aendako. Mahali ambapo ataambiwa "hebu nisogezee sukari" pana thamani kubwa kwake, maana kwa saa moja anakuwa mtu kama watu wengine. Akilia, alie. Akicheka, acheke, na asiwepo wa kumshangaa.

Haya siyasemi kwa kuyasikia. Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa mbali kikazi, na baada ya watu kutawanyika nyumba ilinielemea. Jirani mmoja akaniita kwake alasiri. Walikuwepo wanawake wengine, wanazungumza mambo yao ya kawaida. Nilikaa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, sinywi, hadi chai ikapoa. Mwenyeji hakunihimiza. Alikichukua kile kikombe, akamwaga, akanijazia ya moto, akanirudishia mkononi huku akiendelea kumsikiliza mwenzake. Ikapoa tena, akafanya vilevile. Baadaye nilimfuata jikoni kumsaidia kufuta vyombo, na pale, yeye akiosha na mimi nikifuta, ndipo nilipoweza kutamka kwa mara ya kwanza kwamba siwezi kulala kitandani kwetu, ninalala kwenye kochi. Hakunipa ushauri. Alinipa kikombe kingine nikifute. Usiku ule nililala kitandani.

Ndiyo maana wageni wakikwambia "tukusaidie vyombo", usiwakatalie kwa adabu. Mtu anasema rahisi zaidi akiwa na kitu mikononi na asipotazamwa usoni.

Kuhusu anasa, kumbuka kwamba unawaita kwenye chai, si kwenye mlo. Kikombe kimoja kinatoshwa na gramu 2 hivi za majani makavu. Uingereza, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto, serikali ilianza kugawa chai kwa kipimo Julai 1940, kila mtu mzima wakia 2 kwa wiki, yaani gramu 57 hivi, na mgao huo haukuondolewa hadi mwaka 1952. Piga hesabu uone: hata mgao ule wa vita ulitoa vikombe vinne kwa siku. Kwa hiyo birika moja la watu sita halitakufilisi, na hakuna mwenye akili atakayekuita mbadhirifu. Kitafunwa kimoja cha kawaida kinatosha. Ukijaza meza, wale waliopoteza kazi wataanza kuhesabu moyoni jinsi watakavyokulipa fadhila, na safari ijayo hawatakuja.

Kuna jambo la Japani ya karne ya 16 ninalolipenda mno. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya mabwana waliogombania madaraka, na katika miaka hiyohiyo Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, akawa anapokea wageni katika vibanda vidogo vyenye mlango mfupi kiasi kwamba mtu huingia kwa kuinama na kutambaa kwa magoti. Askari aliacha upanga wake nje. Mkubwa na mdogo waliingia vilevile. Wewe huna haja ya kukata mlango, lakini fanya nia iwe hiyohiyo: kwako asiulizwe mtu "siku hizi uko wapi?" wala "umepata kazi?" Ongea nao mapema wale wenye maneno mengi, kwa upole, uwaombe maswali hayo wayaache nje.

Sasa namna ya kuwaita. Usitupe tangazo kwenye kundi la simu, kwa sababu aliye kwenye dhiki husoma tangazo akajua haliwezi kuwa linamhusu yeye. Mwambie kila mmoja peke yake, kwa jina lake. Taja saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa mfano saa kumi hadi saa kumi na mbili. Watu hudhani kutaja mwisho ni kufukuza wageni, kumbe unawafungulia mlango: mwenye moyo mzito huogopa kwenda mahali asipojua atatokaje. Watano au sita ndio idadi nzuri, maana hapo mazungumzo yanabaki mamoja. Wakizidi, watagawanyika vikundi na mnyonge atabaki katikati hana upande.

Usiseme "njoo na chochote". Kwa asiye na kitu, neno hilo ni mzigo. Sema kila mtu aje na kikombe anachokipenda kutoka kwake. Hilo halina gharama, na ukimya wa mwanzo unaouogopa utaisha wenyewe, kwa kuwa kila kikombe kina mtu aliyekinunua, aliyekitoa zawadi au aliyekivunja mkono. Anza wewe na chako.

Chai yenyewe iheshimu. Majani meusi yanataka maji yanayochemka na dakika 3 hadi 5, kisha chuja. Ukiyaacha ndani yanakuwa machungu na utashindwa kurekebisha kwa sukari. Ya kijani huharibika kwa maji yanayotokota, acha yapoe hadi nyuzi 80 hivi. Na hili usilisahau: walio na huzuni au wasiwasi wengi wao hawalali vizuri, na chai ina kafeini. Weka pembeni kinywaji kingine cha moto kisicho nayo, bila kutangaza kimewekwa kwa ajili ya nani.

Wakinyamaza katikati, usikimbilie kuwasha muziki. Mimina chai. Pengine mtu atalitoa linalomkaba, na hapo hujui litafika wapi. Julai 9, 1848, wanawake watano walikutana kunywa chai nyumbani kwa Jane Hunt, mji wa Waterloo katika jimbo la New York. Mmoja wao, Elizabeth Cady Stanton, aliyamwaga yote yaliyokuwa yamemjaa moyoni kuhusu hali ya wanawake, na wenzake hawakumwambia avumilie. Siku kumi baadaye lilifunguliwa kongamano la haki za wanawake pale Seneca Falls. Kwako yanaweza kuishia kwa mmoja kujua nani anatafuta mfanyakazi, au wawili kukubaliana kutembea pamoja asubuhi. Hayo pia ni makubwa.

Yupo atakayekataa, mwanangu. Usimnunie na usimbembeleze mbele za watu. Mtumie neno jioni ile, mwambie alikumbukwa, kisha mwalike tena safari ijayo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Na usimsahau yule anayecheka kila mara. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na wengi wao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama.

Kabla hawajaondoka, pangeni siku nyingine. Hapa nakusisitiza kuliko penginepote. Chai ya kwanza itakuwa na haya na tahadhari, kila mtu akipima maneno. Ni ile ya tatu au ya nne ambapo mtu huja bila kupiga hodi sana, akajua kijiko kiko droo gani, akauliza mbona fulani leo hajafika. Ukichoka kuandaa, mwenzako aandae, hata kama nyumba yake ni chumba kimoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe pia, ingawa hukuandika waziwazi, nimeona katika ujumbe wako kwamba unahitaji kupona.

Birika langu kubwa nitakupa, mimi siku hizi dogo linanitosha. Mfuniko wake unalegea, ushikilie kwa kidole unapomimina. Jumapili nitakupigia unitajie siku uliyochagua na umewaita akina nani. Yule aliyefiwa awe wa kwanza kualikwa, na usimwandikie, mpigie simu.

Mama yako