Usilipe hiyo dipositi kesho

Wewe wa Nakuru, ngoja kwanza. Umeuliza kama amplifaya yako ndogo ya digitali ya shilingi 4,500 inaweza kushindana na ile kubwa ya mtumba ya 120,000, ununue waya gani wa spika, na TV utaiunganisha vipi. Halafu ukamalizia kwamba kesho unapeleka dipositi ya hiyo kubwa. Usipeleke. Mimi nilipeleka, na shilingi 65,000 zangu zilienda hivyo.

Nilikuwa na ndogo kama hiyo yako, hapa Kisumu. Shida ilikuwa muziki wa benga: gitaa la besi likianza kukimbia na mimi nikiongeza sauti kidogo, spika zinakwaruza. Nikaenda kwa muuzaji mmoja mjini. Akaniketisha kwenye kochi, akanichezea wimbo kwa ndogo, kisha akahamia kubwa. Nywele zikanisimama. "Umesikia? Digitali ni ya watoto." Nilikuwa na akiba ya 50,000, nikakopa 60,000 kwenye chama, nikapakia lile chuma kwenye tuktuk mpaka kwangu mtaa wa Manyatta.

Wiki mbili nilikuwa na raha kweli, kukwaruza kumeisha. Halafu binamu yangu, fundi wa redio, akaja kula samaki. Akaiokota ile ndogo pembeni, akageuza adapta yake ya umeme, akasoma: volti 12. Akaniuliza, "Ulinunua ng'ombe kwa sababu kikombe cha maziwa kilikuwa kidogo?"

Hesabu aliyonifanyia iko hivi. Kwa volti 12 na spika za ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani, huandikwa nyuma ya spika), amplifaya ya aina hiyo haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 hivi kila upande, hata boksi liandikwe 200. Ipe volti 24, inafika kama 36, kwa sababu volti zikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Ndani yake kulikuwa na chipu ya TPA3116, ambayo inakubali mpaka volti 26. Hata zile wati 50 kila upande zinazotangazwa, Texas Instruments, watengenezaji wa chipu hiyo, wenyewe wanazitaja kwa volti 21 na spika za ohmu 4, na hapo upotoshaji, yaani kuharibika kwa sauti, umeshafika asilimia 10. Adapta ya volti 24 ilinigharimu 1,500. Kukwaruza kukaisha. Elfu moja na mia tano!

Lakini kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Nilibishana naye kwamba kubwa bado ina utamu wake. Akacheza mlio mmoja usiobadilika, akapima volti kwenye waya za spika kwa mita, akazilinganisha amplifaya zote mbili mpaka zikawa sawa. Mimi na mke wangu tukageukia ukuta. Akawa anabadilisha, huku akizima umeme kila mara, kwa sababu kwenye hizi ndogo hata waya mweusi wa spika una sauti, si wa ardhi, na ukiugusanisha na wa amplifaya nyingine unaunguza. Raundi kumi, kila mara tukikisia ni ipi inacheza. Mke wangu alipatia tano, mimi nne, sawa na kurusha shilingi.

Ndipo nikaelewa dukani nilifanywa nini. Kubwa iliongezwa sauti kidogo tu kuliko ndogo. Sikio halisemi "hii ina sauti zaidi", linasema "hii ni tamu zaidi". Yule mtu anauza kila siku, alijua vizuri anachofanya, na alinitazama nikipiga simu kwenye chama kuomba mkopo. Nilipoirudisha akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Nikaiuza 45,000.

Na wale mtakaosema masikio ya watu wa ziwani yamejaa maji, karibuni Manyatta. Chai ipo, mandazi yapo, leso ya kufunga macho ipo. Tangu nianze kualika hajafika hata mmoja.

Sisemi kubwa haina kazi. Kama una spika nzito za ohmu 4 na sebule kubwa, wati zinahitajika. Lakini usiamue kabla hujazisikiliza zote mbili zikiwa na sauti sawa, kwa spika zako, ndani ya nyumba yako. Sauti sawa kwa mita, si kwa kukadiria. Mwambie muuzaji akuachie amplifaya Jumamosi moja. Akisema hawezi, toka na pesa zako mfukoni. Akikubali, tafuta fundi mwenye mita, geukia ukuta, hesabu raundi.

Tena soma adapta yako usiku huu, imeandikwa volti ngapi? Niandikie hapa kabla hujalala.