Mchoro kwanza, Kiingereza baadaye

Mwalimu, nafundisha watu wazima Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, wengi wametoka Kongo. Kuandika wanaandika, lakini nikisema tuongee Kiingereza, wote kimya. Nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, wape penseli kabla hujawauliza lolote. Waambie wachore jambo lao wenyewe: jiko la nyumbani, siku ya soko, mtoto mtundu. Darasani kwangu mama mmoja alichora mafiga matatu na mbuzi aliyefungwa mtini. Alimsimulia jirani yake kwa Kiswahili kwanza, kisha akaanza Kiingereza, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Goat eat..." akakwama. Akagusa ule mstari uliotoka shingoni mwa mbuzi hadi mtini. Kijana wa nyuma akamtupia neno: "rope!" Tangu siku hiyo neno hilo halijamtoka akilini.

Usiishie hapo. Asimulie kisa hicho hicho kwa watu watatu, mmoja baada ya mwingine: wa kwanza kwa dakika nne, wa pili tatu, wa tatu mbili. Kufikia mara ya tatu hatafuti tena maneno, na ulimi umelegea. Kisa anakijua, kwa hiyo akili yote anaipeleka kwenye lugha. Ndiyo maana siwapi habari za watu wasiowajua huko London.

Wanachanganya "he" na "she" kila sentensi. Niwakatize?

Hapana, tafadhali. Kwetu "yeye" ni mwanamume, ni mwanamke, na kitenzi hakibadiliki: alikuja, basi. Kosa hilo si uzembe. Andika pembeni unayoyasikia, mwache amalize. Kisha rudini kwenye mchoro, gusa mtu mmoja mmoja, uulize: huyu alifanya nini? Akisema "he go to borehole" kuhusu dada yake, mjibu kama mtu anayetaka kujua zaidi: "She went to the borehole? And then?" Amesikia sentensi sahihi, na hajaaibishwa.

Mimi sijui kuchora kabisa.

Vijiti na duara la kichwa vinatosha. Wakiona mchoro wako mbaya, nao watathubutu.

Niwaambie wachore safari ya kukimbia vita?

Usiwaambie. Hilo nalisema kwa uzito wote. Mada wachague wao. Mtu akiileta safari hiyo mwenyewe, weka kalamu chini, msikilize, usimsahihishe hata neno moja, na karatasi yake usiibandike ukutani bila ruhusa yake.

Mwanangu yuko P2, darasa la pili la msingi, tunaongea Kiswahili nyumbani. Nikimsimulisha kwa Kiswahili sitamchelewesha Kiingereza?

Mama, hutamchelewesha. Mtaala wa Uganda wenyewe unataka madarasa ya P1 hadi P3 yafundishwe kwa lugha ya eneo inapowezekana, na P4 ndio mwaka wa kuvukia Kiingereza. Leo achore, akueleze kwa Kiswahili mpaka achoke. Kesho fungua ukurasa ule ule, akutajie vitu vitatu kwa Kiingereza. Na daftari hilo mtunzie, lisiishie kuwashia moto.