Muulize Ami: Kazi ya Mpigapicha Mkuu wa Hollywood Huanzia Wapi?

SWALI: Ami, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkazi wa Majengo hapa Mombasa. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipiga video za harusi, na natamani siku moja niwe mpigapicha mkuu wa filamu kubwa kama zile za Hollywood. Baba yangu husema kwamba kushika kamera ni kibarua cha ujanani, si kazi ambayo mtu anaweza kuzeeka nayo. Naomba unieleze mtu huyo hufanya nini hasa, na wale waliofika huko walianzia wapi.
Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi miaka mingi katika studio ya picha pale Bondeni, tukisafishia picha katika chumba cha giza, na maneno ya baba yako ndiyo niliyoambiwa mimi pia nilipokuwa na umri wako. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi hudhani kwamba mpigapicha mkuu ni yule anayeonekana ameibeba kamera begani. Katika filamu kubwa mara nyingi haigusi kabisa, kwa sababu yupo mwingine aliyeajiriwa kuiendesha, yupo msaidizi wa kwanza ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba sura ya mwigizaji haipotezi ukali hata anapotembea, na yupo msaidizi wa pili anayetunza lenzi na kushika ule ubao mdogo unaopigwa kabla ya kila tukio kurekodiwa. Pembeni kuna fundi mkuu wa taa na watu wake, na mafundi wengine wanaofunga vyuma, mapazia na reli za kamera. Wote hao humsikiliza mpigapicha mkuu, naye humsikiliza mwongozaji. Ndiye anayesoma hadithi na kuamua mwanga utoke dirishani au kwenye kibatari, kivuli kiangukie shavu lipi, lenzi iwe pana au ya kuvuta mbali, na kamera isimame au imfuate mtu. Kamera ya sinema hunasa picha 24 kwa kila sekunde, na kila moja kati ya hizo yeye ndiye mwenye kuulizwa.

Ama kuhusu walikoanzia, nitakupa maisha ya mtu mmoja tu, kwa kuwa naona yanajibu swali lako na la baba yako kwa pamoja. Mtu huyo ni James Wong Howe. Alizaliwa China mwaka 1899, katika mkoa wa Guangdong, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka mitano, na akakulia katika mji mdogo wa Pasco, jimbo la Washington, ambako baba yake alikuwa na duka. Ujanani alipigana ndondi. Alipofika Los Angeles alifanya vibarua vya kila namna, pamoja na kupeleka mizigo kwa niaba ya mpigapicha wa biashara na kuondoa vyombo mezani hotelini. Mnamo mwaka 1917, alipoingia katika studio ya filamu kwa mara ya kwanza, hakupewa kamera. Alipewa kazi ya kufagia chumba cha kamera na kuokota vipande vya mkanda vilivyoanguka sakafuni. Baadaye akapandishwa cheo hadi kushika ule ubao niliokutajia, katika filamu za mwongozaji Cecil B. DeMille.

Sasa sikiliza jinsi mlango ulivyofunguka. Mikanda ya filamu ya siku zile haikuwa ikiiona rangi nyekundu, lakini ilikuwa na wepesi mkubwa mno kwa rangi ya samawati, kwa hiyo mwigizaji mwenye macho ya samawati alitokea kwenye picha akiwa na macho meupe kama ya kipofu. Mwigizaji Mary Miles Minter alikuwa na macho ya namna hiyo. Howe, ambaye alikuwa akijifunza kwa kupiga picha za mnato za waigizaji, alimpiga picha Minter, na mwanamke huyo akashangaa kuona macho yake yametoka meusi na yenye uhai. Howe mwenyewe hakujua mara moja ni kwa nini. Akarudi mahali pale pale alipompigia picha, akaangalia, akatambua kwamba bibi yule alikuwa ameelekea kitu cheusi ambacho kivuli chake kiliingia katika mboni za macho. Basi akatengeneza fremu ya mahameli nyeusi, akaizungushia kamera, akaacha tundu la lenzi tu, na tangu hapo kila alipompiga macho yalitoka kama yalivyotakiwa. Minter akamtaka awe mpigapicha wake mkuu, na hivyo ndivyo aliyekuwa mfagizi alivyopata filamu yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Naomba usilisome jambo hili kama hadithi ya bahati. Bahati ilikuwa ile picha ya kwanza peke yake. Kurudi na kuchunguza kitu gani kilichoifanya iwe nzuri hakukuwa bahati. Wewe pia, katika miaka mitatu ya harusi, bila shaka umewahi kupata picha moja iliyokushangaza kwa uzuri wake. Je, ulirudi katika ukumbi ule kuangalia taa ilikuwa wapi, ukuta ulikuwa na rangi gani, na bibi harusi alikuwa ameelekea nini? Hapa kwetu, ambapo mabuibui meusi na kanzu nyeupe hukaa bega kwa bega, kila siku tunapita mbele ya vitu vinavyoongeza au kunywa mwanga kwenye nyuso za watu, nasi hatuvioni.

Kazi ya Howe haikupanda moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alisafiri kwenda China kupiga picha, na aliporudi alikuta filamu zimeanza kutoa sauti, na wenye studio wakamwona kuwa ni mtu wa zama zilizopita asiyejua filamu za sauti. Alikaa bila kazi ya maana hadi alipopewa filamu ya *Transatlantic*, iliyotoka mwaka 1931, ambayo ndani yake alionyesha vyumba vya meli vilivyoezekwa dari na picha ambayo ilikuwa na ukali mbele na nyuma kwa pamoja. Hiyo ilikuwa miaka kumi kabla ya mtindo huo kusifiwa sana katika kazi za mpigapicha mkuu mwenzake, Gregg Toland.

Yapo na mambo mengine yaliyomkwaza ambayo hayakuhusu ufundi wake hata kidogo. Sheria za Marekani ziliwazuia wahamiaji Wachina kuwa raia hadi mwaka 1943. Mkewe, mwandishi Sanora Babb, alikuwa mweupe, na kwa kuwa sheria ya California haikuruhusu ndoa ya namna hiyo, walioana Paris mwaka 1937. Mahakama ya juu ya jimbo hilo iliitangua sheria hiyo mwaka 1948. Ninapofikiri kwamba katika miaka hiyo hiyo waigizaji wakubwa wa Hollywood walikuwa wakiuweka uso wao mikononi mwake, moyo wangu huingia uzito.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kazi yake ni filamu ya ndondi ya mwaka 1947, *Body and Soul*. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na zilikaa mahali pamoja, lakini Howe, ambaye aliujua ulingo kwa mwili wake, alitaka mtazamaji ahisi ngumi. Akachukua kamera ndogo ya mkononi, akavaa viatu vya magurudumu, akaingia ulingoni, na msaidizi akawa anamsukuma kuwazunguka mabondia. Ule ujana wa kupigana ambao wengine wangeuona kuwa ni miaka iliyopotea uligeuka kuwa ujuzi ambao hakuna mpigapicha mwingine aliyekuwa nao.

Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara 10, akaipata mara mbili, kwa filamu ya *The Rose Tattoo* ya mwaka 1955 na *Hud* ya mwaka 1963. Sasa mwambie baba yako hili, kwa heshima na kwa sauti ya chini: uteuzi wake wa kumi ulikuwa kwa filamu iliyotoka mwaka 1975, naye alikuwa na umri wa miaka 76. Alifariki mwaka uliofuata. Basi ni kazi ambayo mtu anaweza kuzeeka nayo.

Lakini haitakuwa haki nikikuficha ugumu wa njia. Hollywood ya leo ina chama cha wafanyakazi wa kamera, na studio kubwa huajiri kupitia chama hicho; mtu huanza kama mwanagenzi, akawa msaidizi wa pili, wa kwanza, mwendesha kamera, na kila ngazi yaweza kula miaka. Wengine hupita shule za filamu, na wengine hujulikana kwanza kwa matangazo ya biashara, video za muziki na filamu za uhalisia. Hizo herufi ASC unazoziona baada ya majina yao ni za jumuiya ya wapigapicha wakuu iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo mtu hualikwa kuingia baada ya kazi yake kuonekana. Wewe usiingoje Hollywood. Filamu za kigeni huja kupigwa Kenya, nazo huhitaji wasaidizi wa kamera na wa taa wa hapa hapa; *Out of Africa*, iliyompatia Mwingereza David Watkin tuzo ya Oscar ya upigaji picha, ilipigwa nchini mwetu. Omba nafasi ya kubeba taa. Howe alianza chini ya hapo.

SWALI: Ami, mimi ni msichana wa Kisauni na hupiga video za kupamba, ile sherehe ya wanawake ya bibi harusi, ambako wanaume hawaruhusiwi kuingia. Nina maswali mawili. Je, wanawake hufika daraja hiyo unayoisema? Na kwa nini bibi harusi hutokea vizuri huku nyuso za wageni weusi zaidi zikipotea gizani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hufika, binti yangu, ingawa mlango ulichelewa mno kufunguliwa. Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kuteuliwa katika fungu la upigaji picha alikuwa Rachel Morrison, mwaka 2018, kwa filamu ya *Mudbound*. Wewe tayari una ukumbi ambao hakuna mwanamume anayeweza kushindana nawe, na ukumbi huo ni darasa.

Swali lako la pili ni zito zaidi kuliko unavyodhani. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na uso wake ndio uliokuwa kipimo cha sura iliyotoka vizuri. Nilipokuwa studio niliona matokeo yake kila wiki, pale watu wa familia moja walipotoka kwenye picha moja wengine wakiwa wazi na wengine wakiwa vivuli, na sisi mafundi tukawaambia kwamba ndivyo picha zilivyo. Haikuwa hivyo, na najuta kuwa nililisema. Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa taa kali usoni. Huhitaji mwanga mpana na laini unaotoka upande, ili ngozi yenyewe iurudishe kama inavyorudisha ngozi iliyopakwa mafuta. Mtazame Bradford Young, Mmarekani mweusi aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya *Arrival* ya mwaka 2016. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, ambako mwalimu wake alikuwa Haile Gerima, mzaliwa wa Ethiopia, na katika kazi zake utaona watu weusi wakipigwa picha katika mwanga mdogo bila kupotea.

Katika ukumbi wa kupamba, bibi harusi amekaa jukwaani chini ya taa zote, na dhahabu yake inawaka. Kamera yako ikiachwa ijiamulie yenyewe, hupima pale penye nuru na kuwatupa wageni gizani. Ondoa mpangilio wa kujiendesha, pima mwanga kwenye uso wa mgeni unapomgeukia, kisha omba taa moja ielekezwe kwenye ukuta mweupe au kwenye dari badala ya kuelekezwa kwa watu.

SWALI: Mwanangu ananisihi nimnunulie kamera ya bei kubwa ili awe kama hao wa Hollywood. Nimnunulie?
Mzazi, Likoni

JIBU: Bado, dada yangu. James Wong Howe alianza kupiga picha utotoni kwa kamera ya Brownie, aina ambayo Kodak iliianza mwaka 1900 kwa bei ya dola moja. Kwa sasa simu aliyonayo inatosha. Mnunulie kijiguu cha kuisimamisha, taa moja inayoweza kusogezwa, na shuka jeupe la kurudishia mwanga. Kisha keti kitini umsaidie: apige uso wako huo huo mara saba kwa siku saba, taa ikiwa mahali tofauti kila siku, na siku moja akutoe nje saa sita ya mchana, wakati jua la Mombasa liko utosini na macho yanazama katika vivuli vyake, ili atafute mwenyewe ukuta uliopakwa chokaa utakaoyarudisha. Akimaliza siku zote saba bila kusukumwa, niandikie tena tuzungumze juu ya kamera.