Maswali ya Wasomaji: Uraia Nje ya Daftari

*Shikamoo mwalimu. Uraia nilipata A kidato cha nne, lakini baba aliponiuliza tofauti ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, nilibabaika. (Kijana, Ngarenaro)*

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti mnamchagua ninyi wakazi kila miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Kwa hiyo mmoja unamnyima kura, mwingine unamlalamikia kwa mwajiri wake. Usione haya. Wanafunzi wangu walikariri mihimili mitatu ya dola bila kukanyaga ofisi ya mtaa iliyo nyuma ya shule, na kosa hilo lilikuwa langu.

*Kijana wangu ana miaka 19. Anasema mkutano wa kijiji ni wa wazee, yeye siasa anaifuata kwenye simu. Nimlazimishe? (Mama, Arumeru)*

Usimlazimishe mama, mpe kazi. Kwa Sheria Na. 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa ngazi ya wilaya, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Yeye ameshakuwa mjumbe, ahudhurie asihudhurie. Mkutano unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Aende na simu yake hiyo hiyo, apige picha taarifa, alinganishe na ya mkutano uliopita, kisha aulize swali moja tu: hela ya mchango iliingia kiasi gani, imebaki kiasi gani?

Ila najua kinachowafukuza vijana. Akisimama anaambiwa, "Kaa chini, mtoto wa juzi." Huku kwetu kijana amezoea kusubiri zamu ya rika lake, na mila hiyo naiheshimu, imenilea. Lakini sheria haiulizi rika. Siku akinyoosha mkono, mama, uwe wa kwanza kusema, "Mwacheni aseme."

*Nina miaka 20, naweza kugombea uenyekiti wa mtaa?*

Bado, ni 21. Kupiga kura unaweza tangu 18.

*Sisi bodaboda wa Kijenge tunaambiwa mikopo ya halmashauri ni ya wenye kadi ya chama. (Dereva)*

Sheria haisemi hivyo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ni ushuru wenu wenyewe huo. Sajilini kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atakayedai kadi, mwombeni aandike sharti hilo kwenye karatasi, halafu mpelekeeni diwani.

*Niwapeleke wapi wanafunzi wangu hapa mjini? (Mwalimu, Sakina)*

Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni. Someni pamoja masharti ya viongozi ya 1967: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Waulize lipi lirudishwe leo na lipi limepitwa na wakati. Wape saa nzima wabishane, na jibu lako usilitoe mpaka wamalize.