Kwa mnaoanza kazi ya kuchapa: chungeni mikono

Ninyi mnaoingia sasa kwenye vibanda vya kuchapa na kuprinti pale Wandegeya, Kampala, nina neno kuhusu mikono. Tunalipwa kwa ukurasa, na wanafunzi wa Makerere wakikaribia siku ya kukabidhi tasnifu huja wote kwa mkupuo, kila mmoja akiitaka yake kesho asubuhi. Mikono huharibika majira hayo.

Kwanza jua ni kidole gani kinakusumbua, maana si kila maumivu ni ugonjwa mmoja. Ganzi ikishika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, tena ikikuamsha usiku ukaanza kuukung'uta mkono, basi huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo neva hupita kwenye njia nyembamba pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Kano zikivimba, neva hukosa nafasi. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi, hata wasioijua kompyuta. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, chunguza kiwiko: pengine unakiegemeza kwenye ukingo wa meza kutwa nzima. Na wanaoumia chini ya kidole gumba, wengi niwaonao ni watu wa simu.

Sasa meza. Vibanda vyetu vina kiti cha plastiki kifupi na meza ndefu, kwa hiyo mabega hupanda na vifundo hupinda. Usingoje tajiri anunue kiti cha ofisi, hatanunua. Pachika kiti kimoja cha plastiki juu ya kingine mpaka viwiko vilingane na kibodi. Miguu ikining'inia, weka chini boksi la karatasi. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vikunje. Wengi huviinua wakidhani vinasaidia, kumbe vinakipinda kifundo kwenda juu. Kipanya kikae ubavuni mwa kibodi, usikifuate kwa mkono ulionyooka. Mwenye laptopu aiinue kwa rimu za karatasi na achomeke kibodi ya pembeni, hata iliyotumika.

Kupumzika kuna ujanja wake. Ukimaliza kurasa kadhaa, mwachie mwenzako kibodi, wewe ukapange karatasi au ukahudumie wateja. Kazi ikizidi, mgawieni mwingine sura mbili na malipo mgawane. Kuna wachoyo wasiotaka kusikia hili. Lakini kuiacha kibodi ukashika WhatsApp si kupumzika, vidole ni vilevile. Hata nyumbani, kukamua jinzi na kukanda unga wa chapati humchosha mtu aliyechapa mchana kutwa. Wiki ya tasnifu, omba mtu akukamulie.

Mtaambiwa mmeze diclofenac. Hupunguza maumivu, sikatai, ila ukiimeza wiki baada ya wiki huku unachapa vilevile, unaficha tatizo na kuliumiza tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse bila daktari. Ganzi ya usiku mimi naona inasaidiwa zaidi na kifungio cha kifundo chenye kibao kigumu ndani, kwa sababu tukilala tunakunja mikono bila kujua. Kifunge kifundo kikiwa kimenyooka, wala usikaze.

Ganzi ikikaa mchana kutwa, vikombe vikianza kukuponyoka, au nyama ya chini ya kidole gumba ikinywea, acha kujitibu. Nenda hospitali, Mulago au iliyo karibu nawe, uulize watu wa tiba ya viungo. Waeleze vidole gani na saa ngapi, kwa kuwa hayo ndiyo wanayoyauliza kwanza. Wengine huishia kwenye upasuaji mdogo wa kuifungulia neva nafasi, na matokeo yake ni mazuri kwa aliyewahi kuliko kwa aliyengoja nyama ya gumba ikaisha.